Nusu Kitumbua

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Inaingia asubuhi, inakaa hadi chai ya saa kumi,
nasi watatu tunakaa nayo barazani:
mimi, mume wangu Ambakisye, na Karani.

Karani ni kasuku.
Koti la kijivu, mkia mwekundu
kama wino wa mwalimu aliyetuachia
siku alipohamishiwa Sumbawanga.
Alituachia na tundu, na karatasi ya kibali,
na onyo moja kwa herufi kubwa:
PARACHICHI HAPANA. KWAKE NI SUMU.

Haya, niambie, Tukuyu hii,
parachichi linapodondoka juu ya bati usiku
ko, ko-ko, kama mgeni asiye na haya,
na nguruwe anakula hadi anasusa,
ndege unamnyima vipi?
Nimemnyima. Mwaka wa sita huu.
Akiona kisu changu kimepakaa kijani
anainamisha shingo, analainisha sauti,
ananiita "Dada".

Siku za kazi anakula kama mwanafunzi wa bweni:
mtama, mchicha, kipande cha karoti,
hindi bichi msimu ukiruhusu.
Ambakisye naye, tangu walipomtoboa kidole hospitalini
na daktari akakitazama kile kipimo
kama mtu anayesoma barua ya madeni,
anakula vivyo hivyo. Mchicha. Maharage.
Ugali wa kujaa kiganja, kiganja changu.
Sukari nimeifungia kabatini,
ufunguo uko kwenye pindo la kitenge.

Jumamosi tu ndipo mkono wangu hulegea.
Mama Tusajigwe hupita na ndoo ya vitumbua,
iliki inamtangulia kama mtoto aliyetumwa.
Nanunua kimoja.
Namkatia Karani ukingo mkavu, si zaidi ya ukucha,
kwa kuwa anasa ikizoeleka inageuka chakula,
na yeye anajua ni Jumamosi
kabla redio haijasema.
"Na mimi?" huuliza Ambakisye.
"Wewe nusa."

Jumanne moja nimetoka kuchuma chai,
nikasimama mlangoni nakung'uta tope.
Ndani, sauti ya mume wangu, ya chini, ya kubembeleza:
"Kidogo tu. Mama asijue."
Halafu karatasi ya biskuti: krash, krash.

Nikaingia kwa kishindo.
Ambakisye amelala kochini, mdomo wazi.
Karani yuko kwenye fito lake,
ananitazama kwa jicho moja,
na ile karatasi inachakarika
ndani ya koo lake.

Nilizikuta kwenye buti la mpira, la kushoto.
Pakiti ya kumi na mbili, zimebaki tisa.
Tatu, nikasema moyoni, ndani ya wiki ngapi?
Na kati ya hizo tatu, ndege kala ngapi?
Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumwamsha mtu
Karani alipobadilisha kanda.

Klik. Mlango wa kabati.
Kijiko kikigonga kikombe, mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu.
Kisha sauti yangu mimi, ya usiku wa manane,
yenye raha ambayo sikujua kama inasikika:
"Mmh. Jamani."

Nikazirudisha biskuti kwenye buti.
Kisha nikazitoa tena, nikampelekea Tusajigwe.
Sikumwamsha mtu.

Siku hizi kitumbua cha Jumamosi ni kimoja bado,
ila kinakatwa mezani, mchana, kila jicho likiona.
Ambakisye anapata robo, na siku hiyo ugali hagusi.
Yangu ni kubwa kidogo, mimi ndiye mwenye kisu.
Karani anaushika ukingo wake kwa mguu,
anaugeuza huku na huku kama karani kweli,
kama anatafuta mhuri.
Akimaliza husema "Ndaga",
kwa sauti ambayo si yangu, si ya mume wangu,
wala ya mwalimu.

Juu ya bati linadondoka parachichi.
Ko.
"Ko," anajibu Karani,
na anaendelea kutafuta makombo.