Kabla ya Kujumlisha

Saa moja asubuhi, Valdivia, mvua ile ile ya juzi.
Nanawa hadi viwiko, navaa kofia ya karatasi.
Kule mtoni simba wa baharini wanakoroma kando ya soko la samaki,
nami nafungua kabati lenye joto la mwili wa mtu
lisilo na mtu.

Sahani ya nne. Catrileo Soto na Barría Oyarzo.
Watu wawili, majina manne ya ukoo,
kwani huku kwetu kila mtu hubeba mawili,
la baba mbele, la mama nyuma,
na akizaa humwachia mtoto moja tu.
La sivyo vitukuu wangetembea na majina
marefu kama treni ya mizigo.

Mwili uliijua hesabu hii kabla ya karani yeyote.
Kila seli ya ngozi yangu, ya ini, ya ulimi,
ina kromosomu arobaini na sita, jozi jozi,
kama viatu mlangoni.
Ila yai. Ila mbegu.
Hizo hupewa ishirini na tatu, mguu mmoja mmoja,
na kuambiwa: nenda ukachechemee
mpaka umpate mwenzio.

Jana walikaa kwenye viti vya plastiki.
Nahuel alishika keki ya tufaha mfukoni, hakuila.
Rosalba akaniuliza, "Damu ya nani itashinda?"
Nikamwambia hakuna mashindano, ni kujumlisha.
Nilimdanganya kidogo.
Kabla ya kujumlisha kuna kutoa.

Yai lake lilianza kujigawa
yeye mwenyewe angali tumboni mwa mama yake,
likasita katikati ya neno
miaka thelathini na minane,
likalimalizia jana, mbegu ilipobisha.
Ndiyo: mpaka mgeni aingie
ndipo mwenyeji humaliza kuhamisha vyombo.
Nusu ya ziada akaisukuma ukingoni,
kifuko kidogo kama punje,
kisichozaa, kisicholiliwa.

Mama yangu, Ercira Mansilla, alikufa Agosti.
Jina lake linaishia kwangu. Mwanangu halibebi.
Nililitafuta kwenye cheti chake cha kuzaliwa,
mjinga mimi, kana kwamba sijui sheria.

Lakini kromosomu si majina.
Kabla ya kuachana hulala ubavu kwa ubavu
na kubadilishana vipande,
kama dada zangu na mimi juu ya kitanda cha marehemu:
chukua sweta hii, nipe kola hiyo,
hapana, hiyo ya bluu iliyoliwa na nondo.
Hakuna aliyeondoka na mama mzima.
Hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Nainama kwenye hadubini.
Kiini kimoja. Cha pili.
Nahesabu tena, maana cha tatu kingekuwa msiba.
Viwili,
vimegusana mashavu, havijachanganyika bado,
na hata mimi sijui kwa hakika kipi cha nani.

Naandika kwa penseli. Napiga simu.
Nahuel anapokea kabla haijalia mara ya pili,
halafu hasemi kitu.