Kidole cha Pete

Ameingia na baridi yake mpaka kwenye kaunta,
barafu ya kope inayeyuka, anaifuta
kwa mtandio wa sufu, anafuta tena,
nami nasema kimoyomoyo: hapo hapo, binti,
ndipo unapojiharibia.
Ngozi ya hapo haisuguliwi kama sufuria.

"Nataka krimu ya macho. Ya makunyanzi."

Ana miaka ishirini na mmoja, labda na miwili.
Nilimtazama chini ya taa nyeupe ya duka,
taa isiyomsitiri mtu,
sikuona kunyanzi hata moja.
Niliona usingizi uliokopwa
na deni halijalipwa.

Jina lake Nomindari. Mchana husomea uuguzi,
usiku hupokea simu za watu wa Ulaanbaatar
waliopasukiwa mabomba.
Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri
na moshi wa makaa umeinama barabarani;
ndani, joto la mabomba linakausha hata mkate mezani.
Katikati ya hayo mawili
ameweka uso wake.

Nikapanga mali juu ya kioo.
Kikopo cha dhahabu, kifuniko chake
kizito kuliko kilichomo.
Kingine kimetoka Seoul, kina lulu iliyosagwa,
ndivyo karatasi yake inavyodai.
Na tyubu nyeupe, haina harufu, haina picha ya mtu,
ukiiona utadhani ni dawa ya ukurutu.

Akashika cha dhahabu.
Kila mtu hushika cha dhahabu.
Nami humo nina asilimia nne yangu,
na Jumatatu ni kodi ya chumba,
basi ulimi ulikuwa mzito kidogo, sitadanganya.

"Hicho ni cha rika langu," nikasema mwishowe.
"Kina dawa kali. Kwa ngozi yako
ni kumwita fundi abomoe paa
na kumbe mtungi tu ndio mkavu.
Wewe unahitaji maji, na kitu cha kuyazuia yasitoroke.
Glisarini. Mafuta kidogo. Manukato hapana,
jicho halina haja ya kunusa."

Nikamwonyesha: punje moja, ndogo kama ya mtama,
kwa kidole cha pete, kwa kuwa ndicho kivivu,
hakijui kusukuma.
Gusa juu ya mfupa, gusa, gusa,
usivute, usiukaribie ukingo wa kope,
na kwanza jaribu nyuma ya sikio, ulale nayo.

Akagusa. Akanyamaza.
Kisha, bila kuniangalia:
"Mama amechunga kondoo tangu utoto,
akijipaka mafuta ya mkia.
Pembeni mwa macho yake kuna mistari
kama njia za mifugo zinazoshuka kisimani.
Ana miaka arobaini na mitatu."

Mimi nina arobaini na minne.
Nilijishughulisha na kitambaa, nikafuta kioo
kilichokwisha kung'aa.

"Ile imechorwa na jua juu ya theluji," nikasema,
"kukunja macho kumtafuta aliyepotea.
Wewe huchungi."

"Nachunga," akasema. "Skrini. Usiku kucha
nawatafuta watu kwenye ramani."

Hapo sikuwa na krimu.

Nikamwambia alale, kama mtu anavyomwambia
mwenye njaa ale. Akacheka kwa adabu.
Akahesabu tugriki zake, noti zimelowa theluji,
akachukua tyubu nyeupe.
Mlangoni akageuka:
"Nipe na ya pili. Ya mama.
Najua atapaka visigino."

Usiku ule, mbele ya kioo changu chenye ufa,
nilifungua sampuli ya dhahabu, nikaifunga.
Nikatoa punje ya ile nyeupe.
Kidole changu cha pete hakina pete
mwaka wa sita sasa;
kimekuwa chepesi sana,
kinafaa kazi hii.