Daftari la Luchelele

Ukurasa wa kwanza hausomeki.
Nililisahau daftari juu ya jiwe
usiku ule tulipomshusha punda garini, watu wanane,
na mvua ikatokea ziwani bila hodi.
Wafadhili wote wa Januari wamekuwa mawingu ya buluu:
aliyetoa dripu, aliyelipa mabati,
aliyeleta misumari akasahau nyundo.
Wanisamehe.

Ukurasa wa pili unasomeka.
Mapanki, ndoo mbili. Nyanzobe, Mwaloni.
Huyu huja kabla ya adhana, magamba ya sangara
yamemganda vifundoni kama shanga,
hutua ndoo, hufuta shingo, husema:
"Kichwa kikubwa ni cha yule wa jicho moja."
Mbwa wa jicho moja tunamwita Mwenyekiti,
maana hubweka mwanzo wa kikao, kisha hulala.

Shilingi elfu tano. Simu. Jina: sijui.
Kila tarehe saba, huu mwaka wa tatu.
Niliwahi kuipigia namba hiyo.
Nikasikia mtu akipumua, na nyuma yake kuku.
Nikasema asante. Ikakatika.
Tarehe saba iliyofuata, elfu sita.

Mablanketi manne, mabovu. Muuguzi wa zamu ya usiku.
Ameandika mwenyewe pembeni: yamefuliwa mara mbili.

Safu ya kazi ni nyembamba, mwandiko wangu hubanana humo.
Malimi, mwanachuo, alifuata cheti.
Siku ya kwanza aliona funza kwenye jeraha,
akakimbia kutapika nyuma ya banda.
Siku ya pili alikuja na kibano cha nyusi cha dada yake,
akawatoa mmoja mmoja, akihesabu kwa Kisukuma
hadi mia moja arobaini na wawili.
Cheti chake kimo kwenye droo yangu. Hajakiulizia.

Na wavuvi wa Igombe, waliokataa kuandikwa,
walileta wavu wa sangara, wakaukunja mara nne,
wakafunga mafundo yao yale yasiyofunguka kwa hasira,
tukamning'iniza punda kwenye boriti tatu
ili mguu uliovunjika usiibebe dunia.
Yumo humo wiki ya tisa,
samaki mwenye masikio, rangi ya jivu.

Mwenye punda ni Ndaki.
Mkokoteni wake ulikuwa wa mchanga, mlima ule wa mawe,
safari ya nane, jua la saa saba.
Makovu ya mgongoni yana mwandiko wake.
Sikuwa nimemwekea kiti moyoni.

Jumapili moja alisimama nje ya ua wa minyaa,
debe la pumba begani, kofia mkononi,
akasema "Ng'wangaluka", wala si kwangu,
kwa sauti ya mtu anayemwamkia mkwe.
Sikio la kushoto likageuka.
La kulia likabaki limeelekea ziwani.

Nikamwuliza niandike nini, mchango wa nani.
"Usiandike mchango," akasema.
"Andika deni."

Daftari halina safu ya deni.
Nikachora mstari kwa banzi la kufungia mfupa,
ukapinda, nikauacha.
Pumba, kilo kumi na nane.

Debe lake lilibaki mkononi mwangu.
Kwetu chombo hakirudi kitupu,
na ndani sikuwa na unga wala dagaa,
nikalijaza samadi ya punda wake mwenyewe.
"Kwa mchicha," nikamwambia.
Akainusa. Akalitwika. Akashuka mlima.

Leo asubuhi nimekuta fungu la mchicha langoni,
limefungwa kwa uzi wa gunia, lina umande.
Nimeliandika, chini ya mstari uliopinda.
Ndani bado hajaingia.