Mchemraba Namba Saba

Siku ya ishirini na nane Shomvi aliutoa majini,
akaufuta kwa kanga kuukuu kama mtoto aliyekwisha kuoga,
akauweka mdomoni mwa mashine.
Mimi nilishika kalamu.
Sindano ikapanda, ikapanda kivivu,
na kabla ya kufika pale tulipoiombea ifike
mchemraba ukasema ka!
si kwa kishindo, kwa sauti ya mua mkavu.
Kumi na nne.
Mchoro unadai ishirini na tano.

Shomvi akanitazama, nikamtazama.
Pangaboi lilizunguka.
Tulijua sote wawili ni nguzo gani hiyo:
C4, ghorofa ya chini, kona ya mtaa, Kariakoo,
na juu yake tumeshapandisha slabu nne;
ya tano inasubiri kokoto.

Jioni Bwana Kitundu aliniita ofisini, Upanga,
akaagiza chai ya tangawizi, vikombe viwili.
Akanionyesha jedwali la kazi, mistari ya buluu na myekundu,
riba ya benki inayokula hata Jumapili,
wapangaji wa fremu waliokwisha kulipa kilemba.
Kilemba, nikawaza, juu ya kichwa kisicho na shingo.
"Injinia Kokushubila," akasema, taratibu, kama baba mkwe,
"vitabu vimeweka akiba. Ukiona ishirini na tano
jua hata kumi na tano inabeba.
Andika tu. Nani atapasua nguzo aiulize?
Na zege halilali, dada. Zege halilali."

Nilikwenda na msemo ule njia nzima hadi Tabata.
Tunausema tukiwahimiza vibarua,
ndoo mkono kwa mkono, jenereta inanguruma,
uji wa saruji ukimchuruzika Mama Chausiku begani.
Usiku ule niliusikia upande wake wa pili:
zege halilali. Linakesha.
Linakumbuka ndoo mbili za maji zilizozidi
kwa sababu watu walichoka na mchanganyiko mzito,
linakumbuka mfuko uliotoka getini chini ya turubai,
linakumbuka kwamba asubuhi ile mimi nilikuwa kikaoni
tukijadili kwa nini tunachelewa.

Hilo la kikao sijamwambia mtu.

Nina muhuri. Mdogo, wa mviringo, unakaa mkobani
kati ya panadoli na funguo.
Siku ya kiapo nilivaa viatu vya kuazima, vya dada yangu;
vilinibana hata maneno yakatoka mafupi:
usalama wa watu kwanza.
Sikuambiwa kwamba watu hao hawatakuwepo mezani
siku ya kuamua.
Atakuwepo Bwana Kitundu, na chai.

Niliandika kumi na nne. Kwa wino.
Nikapeleka barua Bodi, nakala Manispaa,
nikagongewa "Imepokelewa", tarehe, saini isiyosomeka.
Mwezi ule jina langu lilifutwa kwenye ubao wa mradi
kwa rangi nyeupe ya bei rahisi;
ukiinamisha shingo bado linasomeka.

Muhuri mwingine ulipatikana. Hupatikana.

Sheria ninaijua, nimeifanyia mtihani.
Mara nyingi hufika na tochi na utepe wa njano,
ikiliuliza vumbi maswali.
Barua yangu imo ndani ya faili, chini ya faili.
Kila Jumatatu napiga simu.
Wameshanizoea: yule dada wa nguzo.

Jana nilipita. Jengo limepakwa rangi ya krimu.
Fremu ya kona wanauza vitenge.
Msichana alikuwa ameegemea C4
akihesabu chenji, simu kaibana kwa bega, anacheka.
Nilitaka kumwambia: sogea. Hata kidogo.
Nilichosema: "Kitenge hiki bei gani?"
"Karibu ndani, dada, uone na vingine."

Nikasimama kizingitini,
mguu mmoja ndani, mmoja barabarani,
nikitega sikio.