Kulia, Kushoto

Gari lilitoka Australia,
milango miwili, silinda nane, rangi ya achari ya embe,
magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo,
kama mtu anayekimbizwa na deni.
Hapa Malindi halikuwa na kosa:
usukani kulia, barabara kushoto,
lilikata kona za Casuarina kama mwenyeji.

Kosa lilianza Wendell alipokata tiketi.
Anarudi kwao Kansasi, nalo analitaka.
"Kwetu," alisema, akijigusa kifua,
"dereva hukaa upande wa moyo."

Fundi Famau akalizunguka mara tatu,
akatema kokwa ya ukwaju:
"Mashoto! Njoo. Hii ni kazi ya mkono wako."

Mashoto ndiye mimi.
Mkono huu bibi aliufunga kwa leso
nisiutie kwenye sinia la wali.
"Wa kulia ndio wa kulia," alisema,
nami nikalia, kwa macho yote mawili,
na lugha yenyewe ikanicheka:
neno moja kwa mkono, kwa tonge, kwa machozi.

Tuliipasua dashibodi kama ng'onda.
Pedali zikahama mojamoja;
klachi iligoma siku nne.
Raki ya usukani ilichongwa upya Maweni
na fundi chuma aliyeitazama ile ya zamani
katika kioo alichoazima kwa kinyozi.
Waipa zilikuwa zikifagia upande usio na mtu.
Taa zilizozoea kuinama kushoto kwa adabu
nikazifunza kuinama kulia.
Sheria za kule hazitaki tangi karibu na bampa,
tukalipandisha kwenye buti,
na mizigo ya Wendell ikakosa makao.
Mia na sitini kwenye saa ya mwendo ikawa mia:
kilomita zimekuwa maili,
namba imepungua, kasi ni ileile.

Nyaya zilikuwa zangu peke yangu.
Mia mbili na kumi na saba,
kila mmoja nikaufunga kikaratasi chenye jina
kisha nikauvusha ng'ambo.
Nilifanya kwa mkono wa leso.
Famau alitazama, hakusema,
akaniletea chai mwenyewe, akaiweka
kushoto kwangu.

Palipokuwa na usukani pakabaki shimo.
Tukalifunika kwa kisanduku;
Wendell akatia humo risiti na pipi za tangawizi.

Jumamosi tukalijaribu, barabara ya Lamu,
kuelekea daraja la Sabaki.
Yeye kushoto kwake kupya,
mimi pale dereva alipokuwa akikaa.
Mbele yetu lori la makuti, pana kama msiba,
naye haoni kitu ila makuti.
Nikawa macho yake.
"Ngoja.
Ngoja, kuna bodaboda.
Ngoja.
Haya, sasa!"
Nyuma ikatusukuma, vichwa vikagonga viti,
injini ikalia,
sikuuliza ni kulia kupi.

Na mguu wangu, wala sikuutuma,
ukakanyaga breki isiyokuwepo tena,
ukakanyaga, ukakanyaga,
hadi zulia likashika alama ya kisigino.

Limeondoka Alhamisi, ndani ya kontena.
Ikiwa huko Kansasi kuna mtu atakaa kulia
na kuona pale chini palipobonyea,
asiite fundi.
Ni mimi, nilikuwa naogopa.