Alama ya Mshangao

Saa sita usiku, Tampere, theluji imeziba dirisha,
Raili anafuta tusi.
"Hata nyuki wamekukimbia, mjane !"
ameandikiwa Sisko, aliyefiwa na mizinga minne.
Anafuta. Mtu anarudi kwa jina jingine.
Anafuta.
Ila mkono nao una lafudhi:
kila alama ya mshangao, nafasi kwanza,
kama avutaye pumzi kabla ya kutema.

Jumamosi, sokoni, ubao wa Veikko:
MAYAI YA LEO !

"Nimekufuta mara saba," Raili akanong'ona.
"Ya nane usinichoshe."

Veikko akainama, akahesabu,
akatia kumi na tatu penye dazeni.
Raili akalitoa lile la ziada,
bado lina unyoya,
akamrudishia kiganjani:
"Hili kampe Sisko. Kwa jina lako."