Ngwali kwa Wawili

Kwenye daftari la Ligi ya Kichwani,
ukurasa wa thelathini na mbili, wino wa kijani:
Shaame anatoa Ngwali, mshambuliaji.
Kombo anatoa wawili: kipa wa Mtambwe
na kijana wa Kojani ambaye jezi yake bado yanuka dukani.
Chini, mstari mtupu
unangoja saini yangu.

Mie ndiye mpimaji. Walinichagua
kwa kuwa mwaka wa kumi na moja huu nasimama nyuma ya mizani,
kituo cha karafuu, Wete,
na mkono wangu ukiingia guniani
unajua unyevu kabla ya mashine.
"Da Mize hadanganyiki kwa makonyo," walisema.
Timu zao hazina uwanja wala mpira.
Zina majina tu,
na majina hayo yana miguu ya watu:
wakicheza wao Ijumaa, sisi usiku
twahesabu pointi kwenye kibanda cha kinyozi.

Kombo kaja na hesabu kwenye simu.
Ngwali, mabao tisa. Kipa, mechi tano hajafungwa.
"Wawili kwa mmoja, Da Mize! Nani kapunjwa hapo?
Tena mie ndiye ninayetoa zaidi."
Nikamwambia, magunia mawili ya mpeta
hayafiki gunia moja la daraja la kwanza.
Akacheka.
Shaame hakucheka.

Hapo ndipo nilipoanza kupima.
Mabao tisa, naam; manne ya penalti,
matatu aliwafunga Kipepeo
siku kipa wao alipokuwa anaoa.
Na wiki ijayo mikarafuu inaanza kuchumwa.
Ngwali ni mpandaji, kwa mjomba wake, Mgogoni,
na tawi la mkarafuu, jepesi kuvunjika,
halijui kama huyu ni mshambuliaji.
Shaame anayajua haya, wamepakana ukuta.
Kombo anakaa Chake. Atayajulia wapi?

Basi akapita Ngwali mwenyewe,
baiskeli, kamba begani.
"Jamani, leo nimeuzwa?"
"Kwa wawili," akasema kinyozi.
"Wawili! Mama nitamwambia."
Akashuka kutusalimu,
akatanguliza mguu wa kulia,
wa kushoto akauteremsha kwa mikono,
kama mtu anayeshusha mtungi.

Sote tuliona. Nikaandika hukumu kwa vina,
maana nathari huleta ubishi:

*Mwenye kuuza na goti, alitaje na maradhi,
Asifiche kwenye kuti, mwenzake akawa radhi,
Mizani haipi kiti, kwa jirani wala kadhi,
Gunia lisemwe lote, ndipo wino utumike.*

Shaame akatazama viatu vyake.
"Goti," akasema. "La kushoto. Tangu mfungo sita."
Nikashika kalamu nifute.

Kombo akanizuia mkono.
"Acha. Bado namtaka."
Kisa chake: mwaka juzi, Gombani, mvua,
Ngwali alifunga kwa kichwa dakika ya mwisho
na yeye Kombo, aliyekuwa na wiki tatu
hajasema na ndugu yake,
akajikuta amemkumbatia mtu aliye pembeni,
kumbe ndiye.

Kwa hilo sina jiwe la kupimia.
Nikatia saini.
Pambizoni, kwa herufi ndogo, nikaongeza:
*goti la kushoto, mnunuzi anajua.*